Kuku wamechanjwa, mbona ugonjwa wa kirusi wa Marek umewapata?
Pole sana dada wa Machame kwa hao kuku wako waliopooza miguu. Chanjo huenda ilikuwa nzima kabisa. Chanjo ya Marek huzuia uvimbe, lakini haizuii kirusi kuingia mwilini wala kusambaa kwa vumbi la manyoya. Kwa hiyo kimeendelea kubadilika, hasa kwenye jeni ya Meq inayochochea uvimbe, na zimetokea aina kali kuliko za zamani. Chanjo ya kirusi cha bata mzinga peke yake huzidiwa na aina hizo; uliza kama vifaranga walichanjwa Rispens, chanjo nyingine ya Marek, siku ya kwanza. Maranda ya zamani toa yote, kirusi hukaa humo miezi mingi. Na tafadhali mpelekee daktari wa mifugo hapo Moshi mzoga mmoja aupasue, maana leukosi, ugonjwa mwingine wa kirusi unaoleta uvimbe kwa kuku, nayo huvimbisha ini vilevile.