Azimio la kazi Hisabati Kidato cha Kwanza: usigawe kwa wiki, gawa kwa vipindi

Mwalimu, umesema umepangiwa Rungwe, umekabidhiwa Hisabati Kidato cha Kwanza, na kila ukiandika azimio la kazi, yaani mpango wa kufundisha mada za muhula, ukigawa mada kwa wiki za muhula wa kwanza hazienei. Nimefundisha somo hilo Mbeya, baadaye Iringa, na hapo kwenye wiki ndipo shida inapoanzia. Hesabu vipindi. Ukiwa na sita kwa wiki, toa Pasaka, Muungano, Mei Mosi, likizo fupi na siku za mitihani. Januari nayo usiitegemee sana, maana wapo wanaoripoti mwezi unaisha, wazazi wakihangaikia sare. Kinachobaki ndicho muhula wako.

Halafu kuna mvua. Machi na Aprili huko Rungwe ikipiga bati, dawati la nyuma halisikii kitu hata upaze sauti vipi. Mwombe mtaaluma, yaani mwalimu anayepanga ratiba, akupe vipindi vya asubuhi. Vya mchana panga mazoezi ya kuandika.

Mada ya sehemu ipe vipindi vingi bila huruma. Mtoto ametoka darasa la saba, mwambie ajumlishe nusu na theluthi, anakupa mbili ya tano: kiasi kwa kiasi, asili kwa asili, KDS (kigawe kidogo cha shirika) kaisahau. Na kwa kuwa maswali sasa yanakuja kwa Kiingereza, anayekosa mpe swali lilelile kwa tarakimu tupu kabla hujamhukumu. Namba hasi zifuate hapohapo. Waliotokea Makete wanaijua sakitu ya Juni, ile baridi inayogandisha umande, kwa hiyo kipimajoto kushuka chini ya sifuri hakiwapi taabu.

Aljebra mimi naitanguliza mbele ya jometri. Rula na bikari zinavumilia wiki za mwisho, vichwa vikiwa vimechoka. Aljebra ikianza Mei haishiki, na upimaji wa Kidato cha Pili utaidai.

Vipimo, makadirio, eneo na asilimia viunganishe, utaokoa vipindi. Chukua futikamba, watoe uwanjani. Kila mtoto wa huku ameshasikia kwamba ekari ni hatua sabini kwa sabini, basi apime hatua yake mwenyewe. Ikiwa sentimita 65, sabini zinampa mita 45.5, na eneo linakuwa mita za mraba 2,070 hivi. Ekari ni takribani 4,047, kwa hiyo amepima nusu tu! Mwenye hatua ya mita nzima anapata 4,900, asilimia 21 zaidi. Kanuni hiyo inakaribia ukweli pale hatua inapokuwa yadi moja: yadi za mraba 4,900, na ekari ina 4,840. Hapo watabishana mpaka kengele, hasa ambao nyumbani wanakodi mashamba ya viazi. Waulize kibarua wa palizi anayelipwa kwa ekari anapimiwa kwa hatua za nani, waende nalo nyumbani.

Majaribio yawe mafupi, maswali matano kila Ijumaa, wasahihishiane madaftari. Darasa la watoto themanini huliwezi peke yako.

Wiki mbili kabla ya mtihani usiweke mada mpya. Na sababu ya kupangua mpangilio wa mada iandike kwenye safu ya maoni, mkuu wa idara asaini mapema, ili mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, akifika azimio lijieleze lenyewe.