Bega la nguruwe kwa moto mdogo, hata umeme wa Bukavu ukikatika

Ukienda kununua nyama ya nguruwe ya kupika polepole, usikubali kupewa mgongo. Wauzaji wa masoko ya Kadutu na Nyawera hapa Bukavu wanapenda kuutanguliza kwa sababu unapendeza machoni: mwekundu, laini, mafuta kidogo. Mgongo ni wa kukaanga na kuchoma. Ukikaa motoni saa nane unatoka mkavu hadi unakwama kooni, hata kama mchuzi umejaa tele. Wewe sema hivi: "Papa, nikatie bega, na mfupa uniachie." Kilo mbili zenye mfupa zinatosha familia ya watu sita au saba, ikiwa kuna bugali na sombe (majani ya muhogo) pembeni.

Bega linafaa kwa sababu nguruwe analitumia siku nzima. Misuli yake ina utando mweupe mgumu, ule ambao ukipika haraka unautafuna bila mwisho. Joto ndani ya nyama likipita nyuzi 70 na likakaa hapo muda mrefu, utando huo huyeyuka kidogo kidogo na kugeuka ute mzito unaoishika nyama na kuulainisha mchuzi. Likikaribia nyuzi 90, mfupa unauvuta kwa vidole viwili unatoka safi. Ukiongeza moto ili uwahi, nyuzi za nyama zinajikaza na kukamua maji yake kabla utando haujalegea. Kinachohitajika ni saa tu. Na Bukavu saa hizo ni nyingi zaidi, kwani mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Ukifuata maelekezo ya mtu anayeishi pwani, ongeza saa nzima bila kusita.

Kabla ya kulipa, itazame nyama kwenye mwanga. Ukiona punje nyeupe ndogo, mfano wa mchele, zimejificha ndani ya nyama, iache hapo hapo, hata ikiwa nusu bei. Hivyo ni vifuko vyenye mabuu ya tegu, na mtu akila nyama hiyo bila kuiva anapata tegu tumboni. Kisha mayai anayotoa mgonjwa huyo chooni yakiingia kwenye chakula au maji ya wengine, yanaweza kufika hadi ubongoni na kuleta kifafa. Moto mrefu unaua vifuko hivyo, najua, lakini mimi silishi watoto kwa kutegemea moto peke yake. Tafuta nyama yenye muhuri wa mganga wa mifugo. Bei ikishuka ghafla sokoni kote, uliza kwa nini: homa ya nguruwe ya Afrika haimwambukizi binadamu, ila inawafanya wafugaji wauze wanyama wagonjwa kwa pupa.

Jioni ya kabla ya siku ya kupika, paka chumvi, vijiko viwili vidogo kwa kila kilo. Toboa matundu kwa kisu, ukandamize humo vipande vya kitunguu saumu na tangawizi. Basi. Usijaze viungo vya kila aina; nguruwe ana ladha yake.

Sasa chungu cha umeme, kile cha kupika polepole chenye bakuli la udongo ndani. Watu wengi wana kile kilicholetwa na ndugu kutoka Ulaya au Kigali, kimekaa juu ya kabati kwa sababu wanadhani kinakula umeme. Hapana. Kwa kawaida kinatumia kati ya wati 150 na 300, wakati jiko la umeme la sahani moja linakwenda wati 1,000 na kuzidi. Kinachokisumbua hapa kwetu ni umeme dhaifu. Saa za jioni, kila nyumba ya mtaa ikiwasha, volti zinaweza kushuka kutoka 220 hadi 160, na hapo joto la chungu linabaki karibu nusu tu ya lile lililokusudiwa. Taa ndogo inawaka, wewe unaamini kinapika, kumbe nyama imelala kwenye uvuguvugu, mahali ambapo vijidudu vinazaana kwa raha.

Kwa hiyo mimi siweki nyama baridi ndani ya chungu cha umeme. Naanza kwenye mbabula, yaani jiko la makala (makaa). Sufuria nzito, mafuta kidogo, bega linageuzwa pande zote hadi liwe la kahawia. Nalitoa, nakaanga vitunguu vitatu vikubwa humo humo, naongeza nyanya na seleri, kisha namimina glasi moja ya kasiksi. Pombe hiyo ya ndizi ina utamu na uchachu unaokata mafuta ya nguruwe vizuri kuliko kitu chochote cha dukani. Nyumba isiyotumia pombe iweke maji na ndimu moja. Glasi moja inatosha, maana kifuniko hakitoi mvuke na nyama yenyewe itatoa maji. Ikishachemka, hamishia vyote chunguni vikiwa bado moto sana. Chungu kijae kati ya nusu na theluthi mbili, si zaidi.

Muda wake ni saa nane hadi kumi kwa moto mdogo, pamoja na ile saa yetu ya mlimani. Usifunue. Najua harufu inaita, na watoto watakuja kuomba waonje, lakini kila ukifunua joto linatoroka na unajiongezea karibu nusu saa. Ikiwa mtaa wako unapata umeme mzuri alfajiri, anza alfajiri, mle jioni. Kiweke juu ya saruji au meza ngumu, mbali na pazia, na kichomeke ukutani moja kwa moja. Zile nyaya nyembamba za kuunganishia vifaa vitano si za kuachia kitu kiwake mchana kutwa.

Umeme ukikatika, na utakatika, usingoje kuona kama utarudi. Umeme wa Ruzizi tunagawana na majirani zetu wa Rwanda na Burundi, na hakuna anayeweza kukuambia saa ya kurudi. Kifuniko kikiwa hakijafunuliwa, chungu kizito kinashika joto kwa muda. Tumia muda huo kuwasha makala. Hamishia nyama kwenye sufuria, usithubutu kuweka lile bakuli la udongo juu ya mbabula, litapasuka na chakula chote kitamwagika majivuni. Malizia hapo kwa moto mdogo. Lakini ikiwa ulikuwa kazini, ukarudi ukakuta chungu kimezimika na hakuna anayejua kilizimika saa ngapi, mwaga. Inauma, ni pesa nyingi. Mwaga tu. Jihadhari hasa na vile vyungu vya kitufe cha kuzungusha: umeme ukirudi vinajiwasha vyenyewe na huwezi kujua kama vilikaa baridi.

Asiye na chungu cha umeme hajakosa kitu. Sufuria nzito yenye kifuniko kinachobana, makala machache yaliyofunikwa majivu, mengine mawili matatu juu ya kifuniko, na bega linaiva kwa saa nne hivi. Utakuwa unaongeza makala moja moja na kuchungulia maji yasikauke. Mvua ya Bukavu isikushawishi kuingiza mbabula chumbani na kufunga mlango. Hewa ya makala haina harufu ya kukuonya na inaua familia ikiwa usingizini. Pikia barazani, chini ya bati.

Nyama ikiiva, itoe ipumzike robo saa. Mchuzi uache utulie, mafuta yatapanda juu, yaengue kwa kijiko. Unaobaki uchemshe bila kifuniko kwenye makala makali hadi upungue na kung'aa. Pili-pili iwekwe pembeni, ili watoto nao waweze kula. Chambua nyama kwa uma mbili, rudisha ndani ya mchuzi, peleka mezani na bugali ya moto. Birayi, yaani viazi ulaya, mimi nazichemsha peke yake, kwa sababu chunguni zinachelewa kuiva kuliko nyama.

Na kabla ya kualika, uliza. Kuna Waislamu na Waadventista katika ukoo wangu, na siku wanapokuja napika bega la mbuzi kwa njia hii hii, bila kasiksi, katika sufuria isiyopikiwa nguruwe. Wanakula kwa amani na hakuna anayelazimika kujieleza.

Kilichobaki kisilale mezani zaidi ya saa mbili. Wenye friji yenye umeme wa uhakika waweke humo. Sisi wengine tukichanganye usiku ule ule na maharage yaliyokwisha kuchemshwa, tuvichemshe pamoja na kuvimaliza. Maharage mekundu mabichi usiyatie kwenye chungu cha kupika polepole hata siku moja: yana sumu inayovunjwa na maji yanayotokota kwa nguvu tu, kwa hiyo yachemshe kwanza kwenye makala angalau nusu saa, ndipo yaendelee kwa moto mdogo.