Klabu ya bustani shuleni: mboga iende nyumbani na mtoto

Nafundisha shule ya msingi huku Dodoma, nje kidogo ya mji, na kwa kuwa klabu yetu ya bustani iko hai masika na kiangazi, walimu wenzangu wananiuliza sana nyie mnafanyaje maana sisi tulianza vizuri ikafika Agosti pakabaki vumbi na mabua. Ntasema ninayoyajua ila la kwanza kabisa ni hili, mboga zinazotoka pale ni za watoto waliozipanda. Sio za kumfungia mgeni rasmi, na sio za kuuza zote ili shule inunue chaki. Mtoto akishajua kwamba Ijumaa anaondoka na fungu lake la mchicha kwenda kwa mama yake huna haja ya kumfokea amwagilie, atakuja mwenyewe asubuhi na kidumu chake.

Nasisitiza hivo kwasababu shule zetu na jembe zina historia ndefu. Elimu ya Kujitegemea ilipoanza mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitaka shule iwe jamii inayozalisha, na wanafunzi wenyewe washiriki kupanga na kuamua. Lakini wengi wetu tuliosoma baadaye jembe tulilijua kama adhabu, umechelewa namba kalime, umepiga kelele darasani kang'oe magugu, na mavuno hatukujua yanaishia wapi. Ndio maana mzazi akisikia klabu ya bustani anauliza, mwalimu, nimemleta mtoto asome au alime? Ana haki ya kuuliza kabisa. Kwahiyo kabla hamjagusa udongo kaeni na mwalimu mkuu, mwalimu wa EK (yaani hiyo Elimu ya Kujitegemea) na walimu wote mkubaliane, na iandikwe, kwamba hakuna mtoto atakayepelekwa bustanini kama adhabu hata siku moja. Halafu mpeleke hiyo kwenye kikao cha wazazi. Kwetu sisi, wazazi walipoona watoto wanarudi na mboga mkononi maswali yalipungua yenyewe, na wengine wakaanza kutuletea samadi bila kuombwa.

Klabu iwe ya hiari. Darasa la nne na la saba wana mitihani ya taifa kwahiyo hao usiwabebeshe ratiba ya zamu, waje wakipata nafasi, nguvu kubwa iwe darasa la tatu, la tano na la sita.

Sasa maji, na hapa ndipo bustani nyingi za shule zinapofia. Watu wanaanza kwa kuhesabu matuta, tuta kumi, tuta ishirini, picha inapendeza siku ya kwanza halafu maji hayatoshi. Anzeni na kuhesabu vidumu. Tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 5 kwenye jua letu hili la Dodoma linataka kama lita 30 kwa siku mboga zikishakua, yaani vidumu sita vya lita 5, yaani watoto sita kila mmoja na kidumu chake. Hapo ndio unajua una uwezo wa matuta mangapi, na kama ni mawili basi ni mawili, usione aibu. Upana usizidi hiyo mita 1 kwasababu mtoto wa miaka tisa lazima afike katikati kwa mkono bila kukanyaga. Huku kwetu kavu tuta lisiinuliwe juu kama la viazi, chimbeni kitalu kizame chini kidogo kuliko njia ili maji yakae, changanyeni samadi iliyooza vizuri (mbichi inaunguza miche na inaleta magugu), kisha mtandaze majani makavu juu. Matandazo peke yake yanapunguza sana kiu ya tuta. Na kila penye kibuyu chirizi cha kunawia mikono chooni au jikoni, pandeni matembele au mpapai pale maji yanapomwagikia, hayo maji yenye sabuni kidogo msiyamwage kwenye majani, yaende kwenye udongo.

Uzio usisahaulike. Mbuzi wa jirani hana habari na klabu yenu, kwahiyo matawi ya migunga yenye miiba yawekwe kabla ya mbegu kufika.

Mbegu ya kwanza iwe mchicha, sina mjadala hapo. Unaota ndani ya siku chache na wiki ya tatu au ya nne mnang'oa, na mtoto mdogo anahitaji kuona matokeo wakati bado anakumbuka siku aliyopanda. Mbegu zake ni ndogo mno, changanyeni na mchanga mkavu ndo mmwage kwenye mistari zisirundikane sehemu moja. Acheni miche kadhaa mizuri ichanue mpaka ikomae, mche mmoja unatoa maelfu ya mbegu na hamtanunua tena. Baada ya hapo wekeni chainizi, mnafu, figiri, mgagani, na matembele ambayo ni kuchomeka vipande vya shina tu. Nyanya ziacheni kwanza, zinakaa shambani karibu miezi mitatu, zina magonjwa, na kantangaze (mdudu anayetoboa majani na matunda ya nyanya) akiingia watoto wanavunjika moyo. Na mimi siruhusu dawa za kiwandani kwenye bustani ya watoto, kwa vidukari tunaponda majani ya mwarobaini tunaloweka usiku kucha tunachuja tunatia sabuni kidogo tunanyunyizia jioni, na majani yaliyoshambuliwa sana watoto wanayatoa kwa mkono.

Ila kitu kilichoishikilia klabu yetu zaidi ya vyote ni mlenda. Huku Ugogoni mlenda ndio mboga yenyewe, na unakaushwa ili uliwe kiangazi wakati hakuna kibichi. Tuliwaomba bibi za watoto waje kutufundisha, wakaja, wakakaa na watoto chini ya mti wakiwaonyesha jani la kuchuma na la kuacha, jinsi ya kuanika na kusaga, na mimi mwenye cheti cha ualimu nikawa naandika kama mwanafunzi. Watoto ambao darasani hawanyooshi mkono kabisa siku ile walikuwa wanajibu wao kwasababu hayo ni mambo ya nyumbani kwao. Mnaoishi Kilimanjaro au Lindi mboga yenu ni nyingine, ila bibi mnao, waiteni. Na kama mnataka ushauri wa kitaalamu afisa kilimo wa kata ndo kazi yake, na kule Tengeru Arusha kuna kituo cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) kinachofanya utafiti wa mboga na matunda.

Kwenye kugawa mavuno sisi tumekubaliana hivi, Ijumaa kila mwanaklabu anapata fungu, linalobaki linaingia kwenye sufuria la makande watoto wote wale, na kikizidi sana ndo kinauzwa kwa walimu na hela inaandikwa kwenye daftari analoshika mtoto, sio mwalimu. Daftari hilo hilo lina tarehe za kupanda, vidumu vya maji, mafungu yaliyovunwa. Mwalimu wa hisabati analitumia kufundishia eneo na wastani, na kwa kweli kuna watoto waliokuwa wanaogopa hisabati sasa wanakokotoa maji ya tuta lao kichwani.

Mwisho ni likizo. Ya Juni hesabuni kurudi nyuma, pandeni mchicha mwanzoni mwa Mei muuvune kabla ya kufunga, halafu matembele yabaki na zamu ya watoto wanaokaa jirani, wazazi wao wakiridhia, na anayemwagilia likizo achume anachotaka. Ya Disemba ni rahisi zaidi kwasababu huku mvua ndo zinaanza, mkipata mvua kabla ya kufunga shule tupieni kunde kwenye vitalu vyote, Januari mkifungua kuna majani ya kuchuma wiki ya kwanza kabisa, na wanachama wapya wanaanza kwa kuvuna.