Umri kwenye usaili

Swali: Waombaji wenye zaidi ya miaka 50 huishia hatua ya kwanza kwetu, ingawa hakuna anayekiri kuwabagua. Tuanzie wapi?

Jibu: Anzeni na tangazo. "Kijana mchangamfu" humfukuza mtu mzima kabla hajaandika barua. "Uzoefu wa miaka 10" humfungia kijana mlango. Andikeni kazi yenyewe: "aweze kufunga hesabu za mwezi".

Kisha ficheni tarehe ya kuzaliwa kabla wasifu haujawafikia wasaili. Ficheni na mwaka wa kuhitimu. Huo husahaulika, nao hufichua umri vilevile. Maswali yawe yaleyale kwa wote, na kila msaili aandike alama zake kabla ya mjadala, la sivyo kauli ya bosi huwavuta wengine.

Mafunzo ya programu mpya yasiwapite wakongwe: wakinyimwa leo, kesho wataitwa wazito wa kujifunza, na huo ni uonevu.