Maswali ya Wasomaji: Ufuo Mtulivu kwa Watoto na Bibi Yao

SWALI: Ndugu Mhariri, shikamoo. Ninaishi Chikongola, Mtwara Mjini, nina watoto watatu ambao bado hawajui kuogelea, na ninakaa na mama mkwe anayesumbuliwa na magoti. Siku ya Idi el-Fitri tulikwenda Shangani saa nne asubuhi, tukakuta watu wengi na muziki mkubwa, na bahari yenyewe imekupwa mbali hata watoto wakaishia kukanyaga mawe na mwani. Tunapoondoka alasiri, ndipo maji yanajaa. Tunataka siku moja ya utulivu. Twende Msimbati au Msangamkuu?

JIBU: Marahaba, mama. Kabla ya kuchagua ufuo, naomba tuanze na siku, kwa sababu hapo ndipo safari yenu ilipoharibika. Idi el-Fitri huangukia mwezi mwandamo, na mwezi mwandamo, kama ulivyo mwezi mpevu, huleta bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida. Katika pwani yetu wakati huo maji hupwa sana karibu na saa nne asubuhi na kujaa karibu na saa kumi alasiri. Kwa kuwa kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi, ukisubiri hadi siku ya nane au ya tisa tangu mwezi uandame, au ya 23 na ya 24, utayakuta yamejaa kati ya saa nne na saa sita mchana, tena yakiwa maji mafu, ambayo hayaendi mbali wala hayavuti kwa nguvu. Kwa watoto wasiojua kuogelea, hizo ndizo siku ninazozipendekeza kwa moyo wote.

Msimbati ni pazuri kweli, na kwa ukimya hapana mfano wake. Hata hivyo ni zaidi ya kilomita 40 kutoka mjini, mchanga wake laini hunasa magari, na kwa kuwa eneo hilo limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, mnapaswa kuulizia kiingilio mapema na kuwakataza watoto kuokota matumbawe. Kwa magoti ya mama mkwe wako, naona safari hiyo ni ndefu mno kwenda na kurudi siku moja.

Mimi ningewapeleka Msangamkuu, ng'ambo ya bandari. Mnavuka kwa kivuko, jambo ambalo kwa watoto ni starehe tosha, kisha mnatembea taratibu mpaka muupite mwalo wa wavuvi, kwa kuwa pale kuna kamba, nanga na watu walio kazini ambao si vyema kuwasumbua. Msimu wa kusi, ule upepo utokao kusini, kaeni upande unaotazama bandari, ambako nchi kavu huwakinga na mawimbi. Nendeni Jumamosi asubuhi. Jumapili alasiri iacheni.

Mkifika, tafuteni ule mstari wa mwani mkavu, vijiti na vifuu vilivyoachwa mchangani: huo ndio mpaka wa maji yaliyojaa mara ya mwisho. Mkeka wa bibi utandikeni juu ya mstari huo, chini ya kivuli, lakini si chini ya mnazi wenye nazi, na mchukulieni kiti kifupi, maana kuinuka kutoka chini ndiko kunakomtesha mwenye magoti. Mtu mzima aingie majini kwanza apime kina kwa miguu yake, ndipo watoto wafuate, nao wasipite maji ya magotini wala asiwepo aliye mbali kuliko urefu wa mkono wa mkubwa wake. Maji ya kunywa chukueni ya kutosha kutoka nyumbani, na kabla hamjashuka kivukoni, waulizeni wahudumu saa ya safari ya mwisho ya kurudi mjini.