Silikanti hana hewa ya kutobolewa

Swali: Tunavua kwa mshipi kwenye kina kirefu nje ya Malindi. Mwenzetu alipandisha samaki mnene wa buluu mwenye mabaka meupe. Nahodha akasema ni silikanti, yule samaki adimu wa kilindini, tumtoboe atoke hewa ndipo tumwachie. Wengine wakasema ni chewa tu. Tungemjuaje, na kumtoboa ni sawa? – Msomaji, Malindi

Jibu: Tazama mapezi. Chewa ana pezi moja refu mgongoni. Silikanti ana mawili, na lile la nyuma, kama yale ya ubavuni, limeota juu ya kishina cha nyama. Mkiani, katikati, huchomoza kijikia kingine kidogo. Na msidhani hafiki huku: mwaka 2001 meli ya kukokota nyavu ilimnasa mmoja hapa hapa nje ya Malindi.

Sasa hilo la kutoboa. Jamani! Kila nikishuka bandarini nalikuta, na anayelifundisha huwa ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote. Chewa hufura kwa sababu kibofu chake cha kuelea kina hewa inayotanuka akipanda juu. Kile cha silikanti kimejaa mafuta. Ukimchoma hutoi chochote, unampasua matumbo. Kinachomuua ni maji ya juu: amezoea baridi ya mita 150 na zaidi, na katika maji yetu ya moto pumzi humwishia.

Kwa hiyo asiingie chomboni kabisa. Mpige picha ya ubavu akiwa majini, kwani mabaka ya kila mmoja ni yake peke yake, kisha ashuke upesi. Chukua ndoana isiyo na kijino, funga jiwe zito kwenye kikonyo na kamba kwenye mkunjo, umtie mdomoni. Akifika chini, vuta kamba kwa nguvu, ndoana itachomoka. Wengi hawaponi hata hivyo, basi hameni pale mlipomnasa.

Na hata huyo chewa, lile puto linalomtoka mdomoni ni tumbo lake, si kibofu. Watu wanalitoboa kila siku, halafu wanajisifu wamemwokoa.

Wabaya zaidi ni wauza dawa. Upo uvumi wa zamani kwamba maji ya uti wa mgongo wa silikanti huongeza umri. Uongo mtupu, nyama yake yenyewe ina mafuta ya kumharisha mtu. Biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku. Akija mtu na pesa mkononi akijiita mtafiti, mfukuzeni. Mtafiti wa kweli atawauliza picha, mahali na kina.