Umeumia kazini? Ripoti kwanza, hasira baadaye

Haya, leo nimekaa na chai yangu nijibu maswali mliyonitumia. Karibu yote ni ya WIBA, ile sheria ya mwaka 2007 ya fidia ya wafanyakazi hapa Kenya. Nitayajibu vile yalivyokuja, mengine kirefu, mengine mistari miwili tu.

Mashine ya kukata mabati ilinikata kidole nikiwa shifti ya usiku. Meneja anasema mimi ndiye nilitoa kifuniko cha mashine kwa hivyo kosa ni langu na hakuna malipo. Ni kweli? (Athi River)

Si kweli ndugu yangu, na hilo neno "kosa lako" limenyima watu haki sana. WIBA haiulizi nani alikosea, inauliza kama uliumia ukifanya kazi ya huyo mwajiri. Hata kama ulivunja maagizo yake, bora ulikuwa kwa shughuli yake na si ya kwako, hiyo bado ni ajali ya kazini. Cha kukuponza ni ukaidi wa makusudi kabisa, na hata hapo ukibaki na ulemavu mkubwa sheria haikutupi. Halafu sote tunajua hivyo vifuniko hutolewa kwa nini, si ni nyapara anataka idadi itimie kabla kupambazuke.

Sasa hesabu. Daktari anapima asilimia ya ulemavu wa kudumu, halafu unachukuliwa mshahara wa miezi 96 na kuzidishwa kwa hiyo asilimia. Tuseme unalipwa 20,000 kwa mwezi, mara 96 ni 1,920,000, ukipimwa asilimia 10 hiyo ni 192,000. Hapo hatujagusa mshahara wa zile siku umekaa nyumbani unauguza mkono, ambao unastahili kulipwa kama ulishindwa kufanya kazi siku 3 au zaidi, mpaka miezi 12, na bili ya hospitali ni ya mwajiri pia. Yeye ana siku 7 za kupeleka ripoti DOSHS, ile idara ya usalama na afya kazini, tangu alipojua umeumia. Akizubaa nenda DOSHS mwenyewe, usimngoje, kwa sababu dai lako lina miezi 12 tangu siku ya ajali.

Nasema haya na uchungu wangu. Mimi nilipoteza ncha ya kidole cha pete kwa presi ya kutengeneza mikebe, nikapewa bahasha ya 8,000 na soda baridi, nikasaini kitabu kwa mkono wa kulia, wa kushoto umefungwa bandeji inavuja, na nikasema asante. Kuja kusikia kuna kitu kinaitwa WIBA ilikuwa miaka miwili baadaye.

Mimi ni kibarua wa mjengo, nalipwa kila jioni, sina barua wala kandarasi. Nimeanguka kutoka ghorofa ya pili nikavunjika mguu, kontrakta hashiki simu tena. Niko na haki gani? (Ruiru)

Pole sana kaka. Kibarua pia ni mfanyakazi, sheria haikutaka barua, inataka ionekane ulikuwa unamfanyia mtu kazi kwa malipo. Shida yako ni ushahidi, sasa anza leo, usingoje plasta itoke. Fungua simu, tafuta meseji za M-Pesa zile alikuwa anakutumia pesa, piga skrinshoti. Picha mlizopiga na wenzako mkiwa kwa saiti, hata ile ya kuchekesha mmebeba karai, weka. Chukua majina na namba za wale mlikuwa nao siku hiyo kabla wahamie mjengo mwingine, maana watu wa mjengo kesho wako Kitengela. Ukiwa hospitali mwambie daktari aandike umeanguka kazini, kuna watu huandikiwa "ameanguka" basi, halafu mtu anaulizwa ulianguka wapi, bafuni?

Na simama pale getini usome lile bango la mradi, majina ya kontrakta na mwenye jengo huwa yameandikwa hapo. Piga picha. Kumwambia mwajiri kwa mdomo kunakubalika kisheria lakini mdomo hauna kopi, kwa hivyo mtumie meseji pia hata kama hajibu, hizo tiki mbili zitakusaidia.

Lori la kampuni hutubeba asubuhi kwenda shambani. Likianguka, hiyo ni ajali ya kazi ama ya barabara? (Naivasha)

Ya kazi. Gari likitolewa na mwajiri kuwapeleka ama kuwarudisha, mko kazini tayari. Ukipanda matatu kwa nauli yako hapo ni habari nyingine, unafuata bima ya hiyo matatu.

Dada yangu ni msaidizi wa nyumbani, aliungua na mafuta ya kukaanga, mama mwenye nyumba akamfukuza. (Mombasa)

Jikoni ni mahali pa kazi na yeye ni mfanyakazi, hesabu ni ile ile. Kuna bima za nyumba ambazo ndani yake mfanyakazi wa nyumbani amewekwa, kwa hivyo huenda huyo mama ana bima na hata hajui. Aende DOSHS akiwa na karatasi za hospitali. Kufukuzwa ni lalamiko lingine, hilo alipeleke ofisi ya leba.

Boda ilinigonga nikivuka barabara, nimengoja mwaka mzima jamaa alipe kama tulivyoelewana. Nimechelewa? (Kakamega)

Hujachelewa ila acha kungoja. Hii si WIBA, hii lazima uonyeshe alikuwa mzembe, na una miaka 3 tangu ajali ya kufungua kesi. Chukua namba ya OB (kile kitabu cha matukio cha polisi), abstrakti ya polisi, yaani karatasi yao ya muhtasari wa ajali, na P3, ile fomu ya polisi ambayo daktari anajaza majeraha yako. Abstrakti ndiyo itakuonyesha bima yake, na bima hailipi zaidi ya milioni 3 kwa mtu mmoja.

Wakili anasema tumpeleke bosi kortini moja kwa moja, na yeye achukue asilimia 40 ya pesa. Nikubali? (Nairobi)

Hapana mara mbili. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Desemba 2019, dai la kuumia kazini linaanzia kwa mkurugenzi wa DOSHS. Usiporidhika na uamuzi wake unapinga kwake ndani ya siku 60, na jibu lake likikukera una siku 30 za kukata rufaa mahakama ya kazi. Hapo ndipo wakili anakuwa na kazi. Na mapatano ya kulipwa asilimia ya kile mtashinda yamekatazwa na sheria ya mawakili wenyewe, mwambie akuandikie ada yake kwenye karatasi uone kama ataandika.